Mafuta Tuliyopaka Majani Yako

Mama,

"Mimea ya mama imekufa pamoja naye. Uwanja wa nyumba ni mtupu, tuuchimbe madini." Maneno hayo ni ya Ilunga, mwanao wa kwanza. Ameyasema mbele ya wajomba kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Ni uongo. Najua hukupenda nimwite yaya yangu, kaka yangu mkubwa, mwongo, basi niseme amekosea, na amekosea mara mbili: mimea haikufa pamoja nawe, na uwanja wenye wagonjwa si mtupu.

Sikiliza kilichotokea. Siku ya kilio, akina mama wa kikundi chako cha sala walifika mapema kufagia. Waliyakuta masikio ya tembo yako, ile mimea ya majani mapana, yamefunikwa na vumbi, kwa sababu tangu ulipolazwa hakuna aliyeyapangusa. Wakaona aibu kwa niaba yako. Wakachukua mafuta ya kupikia, wakapaka kila jani mpaka yakang'aa kama viatu vya Jumapili. Watu wakasifu, wakasema mama amesindikizwa vizuri. Mimi niliyatazama, nikalia.

Kisha mvua zikakatika. Malori ya madini yakaendelea kupita, na sasa vumbi lilikuwa na pa kunata. Baridi ya kiangazi ilipofika, majani yalikuwa yamevaa koti la udongo. Yakawa njano pembeni, yakalala chini. Hapo ndipo Ilunga alipoyaona, akatoa hukumu yake. Kilichoyaangusha si msiba, Mama. Ni upendo wetu, uliokuja na chupa ya mafuta.

Nimesoma vitabu vingi na nimegombana na watu wengi redioni, wewe ukinisikiliza na kunizomea toka jikoni. Lakini nilipotafuta hoja ya kumjibu Ilunga, niliyoipata ni yako. "Jani ni pua yake, we mutoto. Ukipaka mafuta, itapumua na nini?" Ulisema hivyo mkono wa kushoto ukiwa chini ya jani, unalishika kama shavu la mtoto, wa kulia ukipangusa kwa kitambaa chenye maji, kutoka kwenye kikonyo mpaka ncha.

Basi nimeyaosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kivulini, kisha maji matupu. Mama Ngalula wa jirani akasimama kwenye uzio, akanitazama weee, akasema, "Unaogesha majani? Bwana yako, ule, nani atamuogesha?" Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu tukuzike. Kisha nikageuka nikuangalie, nione kama na wewe unacheka.

Yale yanayoinamisha ncha, uliyoyapanda pale maji ya bafu yanapotokea, yamepona karibu yote. Yanapenda miguu iliyolowa, ulisema. Yale yanayoinua ncha juu hayana hata jani moja. Ilunga angeyang'oa. Niliingiza vidole udongoni nikakuta viazi vyake vigumu kama ngumi. Yamelala tu. Nayanyima maji mengi, kama ulivyotaka, yasije yakaozea usingizini. Na ule wenye majani yaliyotobokatoboka, unaopanda nguzo ya baraza, umetoa jani jipya, bado limejikunja kama mkeka.

Sitakudanganya. Ule mkubwa wa mlangoni, uliokuja nao toka Lubudi kwa treni ukiwa umeupakata, umekufa kweli. Kiazi kilikuwa laini, kikanuka mkononi mwangu. Nilikaa pale chini nikiwa nimekishika. Sikujua nalilia nini, kiazi au... Nimekizika nyuma ya jiko. Utomvu wa mengine bado unaniwasha mikono ninapoandika.

Ilunga ana hoja moja isiyo ya kipumbavu. Anasema mtaa wetu mzima wa Kasulo umeshatobolewa, na tusipochimba sisi, shimo la jirani litatufikia kwa chini. Inawezekana. Lakini shimo likitufikia toka kwa jirani, tumeibiwa. Tukilifungua wenyewe, tumekubali. Baba yako aliletwa toka Kasai kuchimba kwa amri ya wengine, akafa hana hata kivuli cha kukalia. Wewe ulikitengeneza kivuli hicho, jani kwa jani, na wajukuu wako wamejifunza kutembea humo. Nani ametuamuru sisi tuchimbe?

Mama, lala. Kwaheri ya kaburini niliisema haraka, watu walikuwa wengi. Hii ndiyo yenyewe. Nakuahidi kitambaa changu hakitakauka kiangazi chote, na mvua ya kwanza nitaipokea nikiwa hapo uwanjani.

Barua hii nitaisoma kwa sauti Jumapili baada ya misa, ndugu zangu wote wakiwepo. Kwa hiyo sasa nasema na ninyi. Wadogo zangu, mliotikisa kichwa kumkubali Ilunga mbele ya wajomba mkiwa mmeangalia simu: njooni kila mmoja na ndoo yake, mtubu kwa kuosha. Na wewe, yaya Ilunga. Mkubwa wa wachimbaji ulimpa neno wewe kwamba aje achimbe hapa, si sisi. Usimtume mtu, usimpigie simu. Nenda umtafute kesho asubuhi, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba kwa mama hapachimbwi.