Kundi la Wasiofanya Kitu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa kazi niliyozaliwa nayo: kutofanya kitu. Wiki nane nzima!

Aliyeniomba ni shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye humu ofisini mwetu chuoni tunamwita Kocha. Tasnifu yake ni juu ya moyo wa watu wazima wanaoshinda kwenye viti. Nusu ya watu wake watatembea haraka kila asubuhi. Nusu ya pili, kundi la kulinganisha, wataendelea kuishi kama wanavyoishi — marufuku kuanza zoezi lolote jipya. Bila hao, anasema, hawezi kuthibitisha kitu. Kabla hajamaliza kueleza nilishanyoosha mkono.

Ingawa hata nisingenyoosha ningeingizwa tu. Chumba chetu kina desturi: tunaazimana miili. Tuko watatu, fani tatu, dirisha moja. Mama Kuvu, mwanasayansi wetu, anaotesha kuvu za kwenye mikate na kuta, na ameshatukwangua nyayo za viatu sote. (Kwenye friji yetu hakiliwi kitu bila kuulizwa.) Mimi mtu wa elimu niliwasomesha wote wawili hadithi za darasa la kwanza kwa sauti, saa mkononi, mpaka Kocha akatoka jasho. Sasa imefika zamu ya miguu yangu.

Kipimo cha kwanza kimefanyika leo leo. Kukaa kimya dakika kumi, mkanda wa mapigo kifuani. Halafu kupanda na kushuka kiboksi kwa mdundo wa kidude kinachogonga tik, tik, tik. Sikufika mbali, nikawa nahema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Mapigo yangu nikiwa nimekaa tu: themanini na nne. Kocha akachekelea. Eti mimi ni mfano bora.

Alhamisi, 6 Machi

Utafiti wangu nao umeanza! Shule ya msingi iliyo nyuma ya chuo, darasa la pili. Swali langu: je, mtoto anashika hesabu upesi zaidi akihesabu huku anaruka kamba kuliko akiwa amekaa kwenye dawati? Kila asubuhi kabla ya kengele, uwanjani.

Watoto wameruka kama panzi. Wote isipokuwa mmoja, msichana mwenye soksi za rangi mbili. Nimempa jina Kimya. Mwalimu wake anasema tangu mwaka uanze hajatamka namba hata moja mbele ya watu. Nikamwambia aruke. Akanitazama. Nikamwambia tena. Akaninyooshea kidole — wewe!

Haya. Nikaruka naye, bega kwa bega. Kiatu changu kikachomoka, watoto wakafa kwa kicheko. Lakini tuliruka mara saba, na kwenye ya sita nilisikia sauti nyembamba pembeni yangu: sita.

Nimefurahi mpaka nimesahau kunywa chai.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya kitivo ya kuelezana utafiti, kila mtu dakika tano. Nimecheka na nimejifunza. Mmoja anapima vumbi la chaki kwenye mapafu ya walimu. Mwingine anachunguza mpiga penalti anatazama wapi kabla ya kupiga. Bwana mmoja mpole amekaa na mizizi ya maharage miaka sita na bado ina siri. Mwingine anatafuta kwa nini wanafunzi hukimbilia viti vya nyuma — alikuwa anaeleza hayo huku viti vya mbele vyote vitupu. Chuo chetu ni duka la jumla kwa kweli, unaingia kununua msumari unatoka na sabuni. Nakipenda hivyo hivyo.

Kocha alieleza vizuri, ila msimamizi wake si mtu wa mzaha. Alisema mbele ya wote: kila kundi watu kumi, wakipungua asimletee kitu. Na kundi letu la wavivu limeshapungua! Mmoja kahama mji. Mwingine kanunua baiskeli, msaliti. Tumebaki kumi barabara.

Likizo ya masomo ya Kocha inaisha Juni. Akishindwa kuwasilisha, mkuu wa shule anakofundisha michezo anamtaka uwanjani na filimbi, na tasnifu ndiyo basi tena. Miaka minne hiyo. Mama mkwe ameshashona gauni la kuvaa kwenye mahafali.

Ijumaa, 21 Machi

Kila Ijumaa Kocha anapita na swali lake moja. Kuna zoezi jipya lolote, shemeji? Hakuna, shemeji. Anaweka tiki, anaondoka anapiga mluzi.

Kimya amefika arobaini! Tunaruka pamoja, siku hizi hata kwa kurudi nyuma. Nikisimama, naye anasimama. Nikiruka, namba zinamtoka zenyewe. Nimenunua raba kwa ajili ya data.

Jumanne, 8 Aprili

Maajabu. Lifti imekufa tena, nimepanda ghorofa tatu huku nazungumza kwa simu. Mama Kuvu alibaki chini ameshika ukuta.

Sketi ya kijivu inazunguka kiunoni. Mume wangu anasema nimeacha kukoroma, na kwamba siku hizi naimba jikoni. Nahisi ni kwa sababu nimepunguza sukari. Sijui. Ninachojua ni kwamba nina furaha, na mwili huu nilioubeba miaka yote kama mzigo wa mtu mwingine umeanza kuwa wangu.

Jumatano, 16 Aprili

Jamani.

Ngoja niandike taratibu. Asubuhi Mama Kuvu alikuwa anakagua sahani zake. Anazo za kuoteshea kuvu, na anazo ambazo haziwekwi kitu, za kulinganishia. Moja kati ya hizo tupu ilikuwa na kidoa cha kijani. Kidogo, kama ukucha wa mtoto. Akachukua trei nzima, kazi ya mwezi, akaitupa. Nikamwuliza kwa nini asiitupe hiyo moja tu. Akasema aliyepaswa kukaa bila kitu akishapata kitu, yeye hajui tena analinganisha nini na nini.

Nikacheka. Nikakaa. Nikainama kufunga kamba za raba.

Raba.

Ninaruka kamba kila asubuhi! Wiki ya sita hii! Mimi, mfano bora wa wavivu! Na kila Ijumaa namtazama shemeji machoni namwambia hakuna zoezi jipya, na sikudanganya, maana kichwani mwangu ile si mazoezi — ile ni kukusanya data. Mtu mwenye akili zake anawezaje kukosea hivi? Anaweza. Asome sana kwanza.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimejaribu kujirekebisha. Uwanjani nimekaa kwenye benchi, nikamwambia Kimya leo aruke peke yake, mimi nahesabu kwa kichwa. Akaikunja kamba vizuri, akaja kukaa karibu nami. Hakuhesabu hata moja. Tukakaa hivyo mpaka kengele.

Nilijisikia vibaya sana. Kesho naruka.

Jumapili, 20 Aprili

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Gauni lilitolewa kabatini, tukaligusa wote kwa zamu. Nikamvuta Kocha varandani nimwambie, nikafika kwenye "shemeji, kuna jambo", akanikatiza na kunishukuru. Eti wengine anawafukuzia kama kuku, mimi tu ndiye hampi wasiwasi. Akawaita watu na kurudia mbele yao. Mama mkwe akaniongezea nyama.

Nimeila. Nifanyeje?

Usiku nilimweleza mume wangu. Yeye anauza rangi za nyumba, mambo yake ni ya ndoo. Akasema mtu mmoja kati ya kumi ni tone tu, ninyamaze. Nikamwuliza: tone la nyekundu kwenye ndoo ya nyeupe? Akageukia ukutani. Kutoka huko akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, kwamba ndoo hiyo haiuziki kama nyeupe.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemweleza Mama Kuvu. Hakucheka, na nilitamani acheke. Alisema jambo moja tu.

"Mwambie kabla hajaandika namba yako. Akishaiandika, si kosa tena, ni uongo. Na uongo huo utakuwa na jina lake, si lako."

Kisha akarudi kwenye hadubini yake.

Ijumaa, 25 Aprili

Kocha hakuja na swali lake. Alituma ujumbe kwa wote: vipimo vya mwisho Jumatatu, tulale vizuri, tusinywe kahawa. Mwishoni akaandika kwamba anatushukuru kwa uvivu wetu mtukufu. Nilijibu kwa kidole gumba. Mwoga mkubwa mimi.

Kimya amefika mia. Aliniangalia kama mtu aliyefungua mlango akakuta chumba kingine ndani.

Jumatatu, 28 Aprili

Naandika nikiwa kwenye kiti cha kipimo. Dakika kumi za kutulia. Mkanda uko kifuani, kiboksi kiko mbele yangu. Kocha ameniruhusu kuandika, kuongea ndiko kakataza — kuongea kunapandisha mapigo. Nimejaribu mara mbili. Shemeji, kabla hujaanza... Akaweka kidole mdomoni na kutabasamu. Amevaa shati lililopigwa pasi. Amechoka machoni lakini amefurahi.

Kioo cha mashine kinasema mapigo sitini na sita.

Akakitazama. Akakigonga kwa kidole. Sitini na sita. Akasema huu mkanda umekufa, akatoka kwenda kutafuta mwingine. Hakuniwazia vibaya hata kidogo, na hapo ndipo panaponiuma. Mashine ndiyo mbovu, shemeji hawezi kudanganya.

Dirisha liko wazi. Kule shuleni ni mapumziko, watoto wanaruka. Naisikia sauti moja juu ya zote, nyembamba, haina haraka. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Sipo naye, na anahesabu! Ningekimbia kwenda kuona.

Kocha amerudi. Amebadilisha mkanda, amenisisitiza nitulie, dakika zianze upya. Nimeamua: akigeuka tu namwambia. Atakaa chini kwanza, namjua. Halafu sijui. Labda msimamizi atamkubalia watu tisa. Labda hatamkubalia. Lile gauni.

Moyo unanidunda.

Namba mpya inapanda. Sabini na moja. Sabini na nane. Nimekaa tu, sijanyanyua hata kisigino, nawaza tu maneno yangu. Themanini. Themanini na tatu.

Themanini na nne.

"Si nimekwambia ule ulikuwa mbovu," amesema Kocha, na ameshusha pumzi ndefu. "Themanini na nne, shemeji. Kama siku ya kwanza. Hujabadilika hata kidogo."

Amevuta kiti. Anatafuta jina langu. Ameshika kalamu, ameifungua kifuniko kwa meno kama anavyofanya kaka yake.

Kabla hajaandika, kalamu yangu naiweka chini.