Mrenda wa Hoteli ya Waruguru

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimefika salama. Hosteli ya kanisa hapa Shauri Moyo ni safi, ila baridi! Nairobi ya Juni haina huruma na mifupa ya mtu wa Vihiga. Walimu wa chekechea tumetoka kila pembe kwa mafunzo ya wiki mbili. Asubuhi chai na mkate, mchana wali na maharagwe. Jioni kila mtu ajitafutie.

Triza alinipokea stejini, mtoto mgongoni. Mjukuu wangu! Miezi minne, mashavu kama mandazi. Nilimbeba mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha Triza akasema twende Umoja, nikale kwake. Nikamwambia anajua vizuri siwezi. Mama hali kwa binti yake kabla mkwe hajaleta mahari. Ndivyo tulivyokuta. Huyo Mugo wake ni mwaka wa pili sasa, na hajatuma hata wazee wa kusalimia. Nikila, shemeji yangu Luseno atatangazia kijiji kizima kwamba nimemtoa binti wa marehemu ndugu yake kwa sahani ya ugali.

Triza hakubishana. Alinionyesha hoteli iliyo mkabala na hosteli, ya Waruguru, mwenzake wa kwaya. Chakula chao ni safi, akasema. Kisha akaenda zake.

Nimekula peke yangu. Miaka hamsini na mitatu, na sijawahi! Kwetu anayekula peke yake ni mchoyo au mgonjwa. Niliagiza chapati na ndengu, nikameza kama dawa, macho ukutani.

Jumanne, 4 Juni

Ajabu! Mhudumu, Matheka, mzee mwenye mvi na maringo ya chifu, alinijia kabla sijaketi vizuri. Leo kuna mrenda, mwalimu. Mrenda! Mboga yetu Waluhya, kwa Mkikuyu! Nikacheka moyoni. Nikajua nitaletewa maji ya kijani.

Lo. Umechanganywa na kunde, unavutika inavyotakiwa, na munyu ni ule wa majivu, si magadi ya dukani. Nililamba vidole mbele za watu. Nikauliza mpishi ni nani. Mtu wa kwenu, Matheka akasema, akakimbilia meza nyingine.

Alhamisi, 6 Juni

Nazoea. Nakaa kona ya ndani, karibu na pazia la jikoni, nala polepole. Hakuna wa kuniuliza chumvi iko wapi. Sijui kama napenda au nimechoka tu kusikitika.

Leo wanaume wawili wa kiwanda kule Baba Dogo walikaa mezani kwangu, maana kwingine kulijaa. Mmoja akachungulia sahani yangu. "Mathe, hiyo mboga ni gani? Sisi tukiitisha tunaambiwa imeisha. Kila siku imeisha!" Matheka akajifanya hasikii. Nilijiona malkia. Kumbe ualimu bado una heshima mjini!

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada nilikwenda Umoja kumwona mtoto. Mugo alinisalimu kwa mbali, kofia mkononi, akatoka ili nikae kwa raha. Kijana mpole. Sikutaka kumpenda. Triza anasema wajomba wa Mugo watakuja kwetu Desemba. Desemba ya mwaka gani? nikauliza. Hakucheka.

Alikuwa amepika. Kuku, ugali wa wimbi, meza imetandikwa kitambaa cheupe. Nikasema asante, nimeshiba.

"Hata maji, mama?"

"Hata maji."

Akafunika sahani moja baada ya nyingine, bila kelele. Nilitamani anijibu vibaya. Nikamchukua mtoto, nikatoka naye uani kuota jua.

Na huko uani, nyuma ya karai, nikakuta mkebe wa mafuta ya kupikia. Umetobolewa kitako kwa msumari, umejaa majivu ya maganda ya maharagwe, maji yanadondoka kwenye sufuria. Nilimfundisha mimi mwenyewe kuchuja munyu hivyo, akiwa darasa la tatu. Nani mwingine Nairobi hii anachoma maganda ya maharagwe?

 Nilimrudishia mtoto, nikaaga.  Tangu Jumanne nimekuwa nikila kwa binti yangu!

Jumatatu, 10 Juni

Hasira. Nimedanganywa kama mtoto wa chekechea, na hoteli nzima inajua! Jioni nilipita kwa Waruguru bila kugeuza shingo, nikaenda kula kule upande wa Gikomba. Matumbo magumu. Nikaacha nusu.

Asiyejua mwiko hajauvunja, hilo hata Luseno atakubali. Lakini sasa najua.

Jumanne, 11 Juni

Manyunyu kutwa. Ndizi mbili, kitandani. Nimelala na njaa na kiburi changu.

Jumatano, 12 Juni

Naandikia hapa hapa mezani, kwa Waruguru, kona ile ile.

Nilikuja kugomba. Nilimwuliza Matheka waziwazi mrenda unapikwa na nani. Akatazama pazia. "Mwalimu, mimi ni wa kubeba sahani tu." Akaenda kumwita Waruguru.

Waruguru akaja akijipangusa mikono, akavuta kiti. Nisimkasirikie, akasema, yeye aliombwa tu. Triza huja kila alasiri na bakuli kwenye kikapu, mtoto mgongoni. Anapasha mboga moto, anasonga ugali kwa mkono wake, kisha anakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia. Hata juzi na jana alikuja. Akangoja mpaka giza, akarudi nayo.

Nikauliza: anangoja nini huko nyuma?

"Si anakula," Waruguru akasema. "Wewe ukianza, na yeye anaanza. Anasema hataki mama yake akule peke yake."

 Wiki nzima nikijihurumia hapa, na mwanangu yuko hatua chache tu, tunamega pamoja!

Matheka ameleta sahani. Ugali, mrenda. Ameiweka bila kutangaza, akasimama kando. Inatoa mvuke. Nyuma ya pazia mtoto amelia kidogo, kisha akanyamazishwa. Hakuna mlio wa sahani huko. Ananisubiri.

Namwona Luseno, naisikia sauti yake. Atasema nilijua, nikala. Itakuwa kweli.

Matheka ameuliza kama airudishe. Nimesema aiache. Nimesema nataka maji ya kunawa. Akanionyesha bomba pale mlangoni, lenye sabuni yake ya kipande. Nikamwambia leo sinawi bombani. Aliyepika ndiye anayemnawisha mgeni wake.

Amekwenda kusema. Nasikia maji yanamiminwa kwenye jagi.