Nilitia sahihi kwa jina la dada yangu asiyeona

Bi Jalila, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, mkaaji wa Junda, na nakuandikia wewe kwa kuwa kila nikitaka kulisema jambo hili nyumbani ulimi unakuwa mzito, basi nisikilize kwanza, kisha unihukumu unavyoona.

Nina dada yangu mkubwa, tumwite Kafedha, ambaye haoni tangu utotoni. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano, na dada ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa kazi yake ya kupokea simu katika kiwanda kimoja huko Changamwe, kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili mpaka kiwanda kikapunguza watu, na sasa ni mwaka wa sita yuko nyumbani anauza makaa ya kopo mlangoni. Mimi nikapata kibarua cha kompyuta katika ofisi moja ya serikali ya mtaa, na naomba nisiitaje.

Mwaka jana ofisi ilitengenezewa tovuti mpya ya kupokelea maombi yote ya wananchi, na kabla haijafunguliwa ilitakiwa ripoti kwamba imejaribiwa na watu wenye ulemavu, wasioona wakiwemo, lakini watu hao hakuna aliyewaita, na Ijumaa moja mkubwa wangu Nicanor akaniambia, "Ripoti inatakiwa Jumatatu. Si una dada asiyeona? Mwandike yeye." Nikasema nimuulize kwanza. "Utamuuliza baadaye, ni karatasi tu hiyo." Basi nikaandika jina lake kamili na nambari ya kitambulisho chake, ambayo naijua kwa kichwa kwa kuwa mimi ndiye humjazia fomu zake, nikamtungia na maneno, kwamba ameitumia tovuti kwa simu yake bila taabu yoyote, nikatia sahihi, na mwezi uliofuata nikaajiriwa kazi ya kudumu, dada akapika pilau na kuwaita majirani.

Mwaka huu ikatangazwa nafasi ya kupokea simu papo hapo ofisini kwetu, nafasi iliyotengewa mtu mwenye ulemavu, na maombi yanapokelewa kwenye tovuti peke yake. Dada aliisikia redioni. Nikamwambia anipe simu nimjazie.

"Kazi yenyewe ni ya kupokea simu," akasema, "halafu nijaziwe fomu na mdogo wangu? Niache nijaribu."

Alijaribu siku tatu. Simu yake humsomea kwa sauti kila anachogusa, lakini kwenye tovuti yetu ikawa inasema "kitufe, kitufe, picha, picha," bila kumwambia kitufe ni cha nini wala picha ni ya nini, na kila akikaribia mwisho anaambiwa achague picha zenye taa za barabarani, naye anapapasa kioo mpaka muda unakwisha na yote aliyoandika yanafutika, anaanza tena, na mimi niko chumba cha pili naisikia ile sauti na siwezi kutoka.

Siku ya mwisho akaja ofisini mwenyewe na fimbo yake. Pale mapokezi yuko Velma, ambaye hamjui, akamwambia kwa upole kabisa, "Dada, tovuti ilijaribiwa na mtu asiyeona kama wewe akasema haina taabu. Labda simu yako ina matatizo." Dada akauliza mtu huyo ni nani. Velma akafungua faili akamsomea jina. Dada akasema, "Huyo ni mimi, na mimi sijajaribu kitu." Velma akacheka, akidhani ni mzaha, akamwambia maombi yanafungwa saa kumi. Bi Jalila, nilikuwa nimesimama hatua nne nyuma ya Velma, na nilibana pumzi, kwa kuwa nilijua hanioni.

Kazi amepewa mtu mwingine. Dada hajaniuliza neno. Ila kitambulisho chake, kilichokuwa kikikaa kabatini kwangu, amekichukua, anakifunga kwenye leso yake, na barua zikija humwita binti wa jirani amsomee. Nicanor anasema nitulie, faili limeshafungwa, na nikikiri nitafukuzwa, nyumba nzima inanitegemea. Je, nimwambie, au ninyamaze nimtafutie kazi kwingine ili aridhike?

Mdogo Mtu, Junda

BI JALILA ANAJIBU

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi.

La huruma ni fupi, nianze nalo. Ulikuwa kibarua, mkubwa wako alikubana, na wengi wangeandika kama ulivyoandika. Nakuelewa. Lakini siku dada yako aliposimama pale mapokezi, Nicanor hakukuziba mdomo. Ulijificha ndani ya upofu wake, mtu aliyekulea. Sina jina zuri la kuliita jambo hilo, na wewe usilitafutie.

Unauliza kama umwambie. Mwanangu, anajua. Nani mwingine hapa duniani ana nambari ya kitambulisho chake kichwani? Anangoja uje mwenyewe, na kila siku unayochelewa anazidi kukufahamu. Hiyo kazi ya kwingine unayotaka kumtafutia ni hongo, usimpelekee.

Tena usidhani msiba huu ni wa nyumba yenu tu. Kuna wasioona Magogoni na Kiembeni wanaoambiwa leo kwamba simu zao ndizo mbovu, na ushahidi unaowafunga mdomo una jina la dada yako. Ripoti ile bado inamsemea.

Sasa sikiza. Leo ukitoka kazini, kaa naye umwambie yote, mpaka zile hatua nne. Usimwombe msamaha siku hiyo, maana ukilia mbele yake itambidi aanze kukubembeleza, na amekubembeleza vya kutosha. Akikufokea, pokea. Akikufukuza, toka.

Kisha andika barua kwa aliye juu ya Nicanor, useme ripoti ni ya uongo, sahihi ni yako, na nani aliyekuagiza. Nakala ipeleke kwa chama cha watu wenye ulemavu na kwa ofisi ya malalamiko ya umma. Dada yako akitaka kudai nafasi ile itangazwe upya, aandike yeye kwa maneno yake, wewe usiguse hata nukta. Na tovuti ikirudiwa, waitwe wasioona wenyewe, walipwe kama mafundi wengine, na isifunguliwe mpaka wao waseme imefaa.

Huenda ukafukuzwa. Sitakudanganya. Huenda pia dada yako asikurudishie ile imani mpaka mnazeeka, na hilo ni haki yake.

Hiyo barua iandike kabla hujaniandikia tena. Ukiniandikia, nitajie tarehe uliyoipeleka na jina la aliyeipokea. Jinsi moyo wako unavyouma sihitaji kujua.