Wimbo wa Kunguru

Jumatatu, 6 Mei 1963
Kuchambua mchele tangu asubuhi. Harusi ya mwanangu Swaleh yakaribia. Dama, jirani yangu wa uani, kanisaidia kama kawaida yake. Jioni wamekuja watu wa mgombea wetu. Wataka wimbo wa vugo, ule wa harusini wa kupigiwa pembe, wanawake wauimbe mkutanoni. Mtungaji hapa mtaani Kuze ni mimi. Kichwa kimenivimba.

Alhamisi, 9 Mei
Nimeumaliza. "Kunguru hafugiki, na arudi kwao bara." Mgombea asema watu wa bara watatumeza tukilala. Wakinamama wamecheka hadi kushika mbavu. Nami nilicheka.

Jumatatu, 13 Mei
Jana mkutanoni pembe zimelia, wimbo ukashika moto. Leo watoto wa chuo cha Kurani wamemwimbia Dama kichochoroni, akitoka Kizingo kwenye kazi yake ya kufua. Dama wa Rabai, hapo bara ya karibu tu! Aliyemnyonyesha Swaleh nilipokuwa hoi kwa homa ya uzazi. Mama yake wa ziwa. Nilikuwa dirishani. Nikalifunga dirisha. Astaghfirullah.

Jumatano, 15 Mei
Mchele nimeuchambua peke yangu. Baadaye nikaenda chumbani kwake. Yuwafunga mizigo.
"Shoga, wimbo ni wako?"
"Ni siasa tu, Dama. Si wewe uliyekusudiwa."
"Haya. Basi narudi kwetu."
Hakunitazama tena. Kumwomba radhi, ulimi mzito. Ulimi huu huu uliotunga!

Jumamosi, 18 Mei
Nimepiga kura. Nilitoka nyumbani nimeapa simpi yule bwana. Mbele ya karatasi wimbo ukanijia. Kunguru, kunguru. Woga ukaniingia, nikamtilia alama yeye. Woga wa kitu nilichokitunga mwenyewe, jikoni kwangu! Mjinga mimi. Tena mnafiki.

Jumapili, 26 Mei
Juzi nilimtumia Dama salamu Rabai, na kanga ya harusi. Leo kanga imerudi.

Alhamisi, 30 Mei
Harusi. Wanawake wameuimba tena wimbo wangu. Nimewaambia waache, wakadhani natania, wakazidi.
Dama ndiye aliyekuwa amfukize Swaleh udi kabla hajatoka. Tuliahidiana tangu yungali mtoto. Swaleh kasimama mlangoni na kanzu yake mpya, akatazama huku na huku.
"Mama yuko wapi?"
Nami niko mbele yake, chetezo mkononi. Nikamfukiza, akaenda zake.