Misiba Yako ya Junju

Wifi yangu uliye Magarini,

Kwanza usifurahi. Kukuandikia kwangu hakumaanishi kwamba nimeacha kukushuku. Mimi ni wifi yako. Hata ukiniletea papai nalichunguza kabla ya kulikata.

Nakumbuka miaka ile ulipokuwa Ganda ukimuuguza mama yangu. Upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umepooza, na wewe ndiye uliyemgeuza, ukamwosha, ukamlisha uji, ukafua matandiko yake, kisha ukashika jembe. Kaka alikuwa kazini hotelini Malindi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa na kiduka changu cha leso mjini, na Jumapili nikija kukagua. Ndiyo, kukagua. Nilipitisha kidole hata ndani ya sufuria.

Kila baada ya majuma machache ulifiwa. Asubuhi unajifunga leso mbili, unamwacha mama na jirani, unakwenda kwenu Junju kuzika. Nani angekukataza? Kwetu ukiomba kupumzika utaitwa mvivu, lakini ukitaja matanga hata mkwe mkali anakufungulia mlango.

"Kafa nani?" nilikuuliza siku moja.

"Mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Yule mrefu."

"Mrefu si ulimzika kabla ya mvua?"

"Huyo alikuwa mrefu mwingine."

Sikukuamini hata kidogo. Watu wakitoka matangani sauti zimekauka kwa kulia na nguo zinanuka moshi. Wewe ulirudi leso inanukia sabuni, na kichwani umesukwa mistari mipya kabisa. Nani anasukwa matangani? Nikasema moyoni, huyu ana mwanamume. Na kaka angelijua hilo, ungerudishwa kwenu siku hiyo hiyo, na wanao wangebaki Ganda.

Basi ulipofiwa tena, nikakufuata nyuma nyuma hadi Junju. Nilikukuta kwa Kadzo, rafiki yako wa utotoni, umelala mkekani barazani, mdomo wazi, na jua limeshapanda. Kadzo akanizuia.

"Usimwamshe. Huja hapa kulala. Akiamka namsuka, twacheka, aenda zake. Basi."

Basi? Nilikaa hadi alasiri nikimngojea huyo mwanamume. Nilichungulia chumbani, jikoni, hata uvunguni mwa kitanda. Ulipoamka ukaniona, ulijifunika uso kwa leso.

"Utamwambia kaka yako?"

Sikumwambia. Usidhani ilikuwa huruma. Niliona tu ushahidi haujatosha.

Sasa kaka amepata shamba huko na kukuhamisha, mama amekataa katakata kuondoka Ganda, na zamu imeniangukia mimi. Kiduka nimekifunga. Watu wakiniambia "Mungu atakulipa" nawatazama vizuri sana: mbona husema hivyo wakiwa wameshavaa viatu? Silali, wifi. Nakula nikiwa nimesimama. Juzi, nikimgeuza mama, nilimvuta mkono kwa hasira mpaka akapiga ukelele. Niliogopa. Nilijiogopa mwenyewe, na bado najiogopa.

Mama hakunigombeza. Alisema, "Mke wa kaka yako hakuwa na jamaa wengi hivyo wa kufa. Nilijua tangu yule wa kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Alikuwa akirudi, mikono yake yanishika polepole. Nimkataze kwa nini?" Kisha akaniuliza, "Na weye, huna mtu wa kuzika?"

Nimetafuta, wifi. Jamaa zetu waliobaki wote wanakaa karibu, na mama anawasikia wakikohoa. Mwishowe nikamwambia nimepata habari kwamba wifi yangu wa Magarini hali yake si nzuri kabisa. Mama akacheka kwa ule upande wa uso unaoweza kucheka.

"Maskini! Nenda ukamzike. Na usirudi upesi, mazishi ya mbali yana mambo mengi."

Jirani amekubali kubaki naye. Nakuja Alhamisi. Usipike sana, usiite watu, usiniulize habari za nyumbani. Nionyeshe tu mahali pa kulala. Na kama kuna jambo unanificha huko, tulia, halitajulikana safari hii. Sina nguvu za kulitafuta.

Tuonane nikiamka.

Ni mimi wifi yako, mfiwa.