Kile Kitamu cha Kijani Ulichokiomba Wodini

Mwanangu Somoe,

Asalaam aleikum, mama. Nimekaa hapa barazani Chuno, saa nane mchana, kila mtu kalala, nimechukua daftari nikuandikie. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke.

Baba yako anakusalimu. Juzi karudi kutoka Msimbati shambani, mikorosho inatoa maua, shati lake lilikuwa linanukia maua yale na mimi sijalifua. Bibi yako anakusalimu, macho yamezidi kuingia ukungu, lakini akisikia hatua zangu lazima aniulize kama nimekula. Kaka yako Hamisi anakusalimu, na mkewe Mwanaidi, na binti yao Salma. Ulimwacha Salma anatambaa, sasa anakimbia, na kila akipita mlango wa chumba chako anapunga mkono. Tunamwangalia tu. Kuku wako mwekundu anataga uvunguni mwa kitanda chako, nami namwacha. Mimi ni mzima, ila presha, na ule wasiwasi wangu. Siku hizi hata mvua ikinyesha nashtuka, nasema Somoe kule kunavuja au hakuvuji.

Mwanangu, Ijumaa ijayo unatimiza mwaka. Tutakusomea hitima. Mchele wa pilau upo, baba yako kaleta mbuzi, majirani wameshaambiwa. Lakini mimi nataka watu wale kile kitamu chako. Nikifumba macho nakuona pale wodini, umelala ubavu, unasema taratibu kama mtu anayezungumza kutoka chumba cha pili, "Mama, nikipata kile cha kijani cha kwa Mama Sari nitakula." Siku tatu ulikuwa hujala. Hamisi alikuwa keshashika ufunguo wa pikipiki. Ulimwambia aende pale hotelini, asimame mbele ya kabati la kioo, aonyeshe cha kijani chenye nazi. Mimi nikamzuia.

Daktari hakukataza, Somoe. Niliyekataza ni mimi. Wewe mwenyewe ulikuwa umenisimulia zamani, ukitoka kazini, kwamba kule kwa Mama Sari, yule mama wa Kiindonesia, kuna kitamu cha kijani kama ukindu wangu ukitoka sufuriani. Ulikisifia. Mimi msuka mikeka, naijua ile rangi ya ukindu, ikishika kidole haitoki wiki nzima. Nikasema mwanangu mgonjwa hawezi kula rangi ya mikeka. Nikakukorogea uji. Uji hukuunywa. Kesho yake alfajiri ukaondoka.

Basi Jumatatu nilivaa buibui langu la sikukuu nikaenda. Unajua tangu nizaliwe sijakaa hotelini peke yangu. Nilisimama nje nikijifanya natafuta kitu kwenye pochi, mpaka Mama Sari mwenyewe akatoka akanishika mkono. Mtu mfupi, mnene kidogo, ana sauti kama anaimba, Kiswahili anakivunja lakini kinaeleweka. Nikamwonyesha picha yako kwenye simu. Akaishika kwa mikono miwili. Akasema ulikuwa unakuja saa ya chakula cha mchana, unakaa dirishani peke yako, na kila ukija unataka kingine. Nikamuuliza, cha kijani kilikuwa kipi? Akasema, "Mama, kijani yangu tatu. Yeye amekula yote tatu."

Akanivutia kiti kilekile cha dirishani.

Somoe, mle ndani mna utulivu, sijui nikuelezeje. Pazia linajaa upepo, linashuka, linajaa tena. Kuna kitu kinapikwa kwa mvuke mahali, harufu yake kama ya wali mpya na nazi. Nikawa najiona kama nimeingia ndani ya maneno yako, yale uliyokuwa unanisimulia mimi nachambua ukindu wala sisikilizi vizuri.

Akaleta sahani ya kwanza. Chapati nyembamba za kijani zimekunjwa kama jamvi, ndani nazi ya sukari. Nikamuuliza rangi hii ni ya nini. Akaenda jikoni akarudi na jani refu, akalisugua, akaniwekea puani. Jani, mwanangu. Limefanana na la mkadi, ule wa pale ufukweni Msimbati, ila hili halina miiba. Wanalitwanga, wanalikamua, ndiyo rangi yenyewe. Nililishika lile jani nikalia mpaka mtandio ukalowa.

Nilipotulia nikainua mikono nikakusomea Fatiha juu ya ile sahani. Nilisema kimoyomoyo, kama ndicho hiki, ifike. Nikasikia sauti ya pili. Mama Sari kainua mikono naye, anasoma, maneno yaleyale, kwa lafudhi ya kwao. Tukaitikia amina pamoja.

Ya pili ni vidonge vya mviringo, vimevingirishwa kwenye nazi mbichi. Nikang'ata nusu kama ninavyong'ata kalimati, sukari guru ikaruka mpaka kifuani kwa buibui. Mama Sari akacheka, akaniambia hiki kinaingizwa chote, mdomo unafungwa, halafu unangoja. Nikangoja. Kikapasuka chenyewe, taratibu, kama mtu amefungua mlango ndani ya mdomo. Nikasema hiki ndicho. Tukasoma Fatiha.

Ya tatu ikaja kwenye bakuli, vijiti laini vya kijani vinaelea kwenye tui la baridi. Nikakumbuka koo lako lilivyokuwa limekauka, nikasema la, ndicho hiki, mgonjwa angetaka cha baridi. Tukasoma tena. Nilivyobakiza nikafunga kwenye kitambaa niwapelekee nyumbani kama tunavyofanya kwenye hitima. Na kile cha tui nacho nikawa nataka kukifunga, akanipokonya bakuli akakitia kwenye kopo.

Nimeonja mpaka ulimi haujui tena. Nyumbani wameonja. Bibi yako anasema vidonge. Hamisi anasema chapati, kisha anasema hajui, kisha anatoka nje. Mama Sari ana majani machache tu, anayapata kwa mgeni akija kutoka kwao, yanatosha kupika aina moja kwa watu wote wale. Kanipa yote. Atakuja Alhamisi asubuhi anifundishe, nipike mimi.

Kwa hiyo kwaheri kwa leo, mwanangu, lala kwa raha, Mungu akupanulie. Nakuahidi nitakipika kwa mkono wangu, na cha kwanza nitakila mimi niliyekikataa, mbele ya watu wote, na nitawaambia kwa nini.

Ila nijulishe upesi. Kila mchana baada ya adhuhuri najilaza kitandani kwako, nimeacha mlango wazi. Njoo ndotoni, hata kidogo. Kama umenisamehe au bado, hilo usiniambie sasa, nitasubiri. Niambie tu kilikuwa kipi, kabla ya Alhamisi.

Mama yako.