Mpaka Musyoka Arudie

Jumatatu, 3 Machi
Mashimoni, ninakoishi, hakuna maji tena. Nimenawa uso kwa kikombe, nikaja kazini Kabiro. Mimi ndiye meneja wa saiti hii, ghorofa la nyumba za kupanga. Mwenye lori la kokoto bado anauliza mkubwa yuko wapi. Kilonzo, fundi mkuu, nikimwambia jambo anatazama kando. Musyoka mlinzi akilirudia neno kwa neno, kazi inafanyika, ila chai yangu huwa imeshapoa. Nimechoka kuwa na mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili.

Jumatano, 5 Machi
Musyoka ameenda Kitui, mazishi. Leo nimekuta vyuma vya balkoni vimelazwa chini. Vinatakiwa viinuliwe, vikae upande wa juu wa konkriti. La sivyo, siku mpangaji atakapoanika nguo pale, balkoni itaanguka naye. Nimemwambia Kilonzo mara mbili. "Sawa, madam." Hajagusa kitu. Nikampigia Mzee Njoroge, mwenye ploti. Akacheka. Eti Kilonzo alianza kujenga kabla sijazaliwa. Upuuzi mtupu.

Alhamisi, 6 Machi
Bado chini.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefika, mixa ya konkriti inanguruma, vyuma viko palepale. Nimepiga kelele, hakuna aliyegeuka. Basi nikapanda, nikaketi juu ya vile vyuma vya balkoni, buti na helmeti na yote. Vibarua wakasimama na makarai mabegani. Kilonzo akaja akifoka.

"Madam, toka hapo! Konkriti inashika!"

"Nimwagieni mimi basi."

Mzee Njoroge akapiga simu, akaniita msichana wangu. Nikakata. Niliogopa, sitajidanganya. Nikifutwa hapa, nani atanipa saiti nyingine? Vyuma viliniuma matako, sikuinuka. Mwishowe Kilonzo akatema mate kando, akazima mixa, akaita wawili waanze kuinua vyuma. Niliinuka walipofika nilipoketi. Alasiri tukamwaga. Hakuna aliyeniaga.

Jumatatu, 10 Machi
Musyoka amerudi, ameninunulia maembe njiani. Asubuhi nimesema slabu ya balkoni imwagiliwe maji isipasuke, kabla jua halijawa kali. Musyoka akakohoa, akaanza kurudia kama kawaida yake.

"Wee, tushaskia," Kilonzo akamwambia, huku akiokota mpira wa maji.

Musyoka akanitazama, akarudi kukaa getini. Nimekunywa chai ikiwa bado moto.